Mtu wa Mirembe

Jumatatu, 5 Mei

Mwalimu Jonah ametugawia daftari moja moja na kutuagiza tuandike shajara mpaka muhula uishe. "Siku isiyo na kitu iandikie mstari mmoja," alisema. "Usijaze maneno wala usidanganye ili nikuone hodari. Nitahesabu kurasa tu, sitasoma." Yeye ni Mkenya wa Kitale, na Kiswahili chake kimenyooka. Nataka changu kiwe hivyo.

Naitwa Shallon. Nina miaka kumi na minne, niko kidato cha kwanza. Tulitoka Mbarara nikiwa na miaka sita, na sasa tunakaa mtaa wa New Site, hapa Juba, chumba kimoja na kibaraza, mimi na Mama. Nyumbani tunasema Kinyankole, kwa hiyo maneno ya Mama humu nimeyageuza mimi.

Mama anafanya kazi hospitalini, katika wodi ya wagonjwa wa akili. Si daktari wala muuguzi. Ni ofisa wa ustawi wa jamii na anakaa dawati la kupokea wagonjwa. Daktari anauliza mgonjwa anaumwa nini, Mama anauliza ana nani. Wodi yao ina sheria ambayo haijabandikwa popote lakini kila mtu anaijua: asiye na mtu hapewi kitanda. "Mtu" ni ndugu atakayelala sakafuni kando ya mgonjwa, ampikie, amfulie, amshike siku akitaka kukimbia. Wauguzi ni wachache, hawawezi. Asiye na mtu anarudi na polisi waliomleta, na polisi hawana pa kumweka isipokuwa rumande.

Kazi ya Mama ni kutafuta watu. Ameifanya miaka minane, tangu tulipofika hapa.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Hisabati.

Alhamisi, 8 Mei

Suzan, ambaye tunakaa dawati moja, alivuta sketi yake kando nilipoketi. "Polepole, binti wa majanin, usiniambukize." Majanin ni vichaa. Wenzake walicheka. Nilifungua kitabu nikasoma ukurasa mmoja mara nne.

Jumamosi, 10 Mei

Mama alikuwa nyumbani mpaka saa sita. Alinisuka nywele upande mmoja, simu ikalia, akaenda. Upande wa pili nilimalizia mwenyewe.

Jumatano, 14 Mei

Mama amerudi amelowa mpaka kiunoni, ameketi na viatu vyake. Alinieleza yote, jambo ambalo si kawaida yake.

Polisi walimleta mwanamke waliyemkuta Nesitu, kwenye barabara kuu, mahali malori yanapopumzika. Miguu mitupu, mvuani, hasemi neno lolote kwa lugha yoyote. Mama aliwauliza polisi swali lake la kila siku: "Mlipomkuta alikuwa ameelekea upande gani?" Wao walicheka. Mama anasema mtu aliyepotewa na akili bado anatembea kuelekea mahali fulani, na ukijua upande unaweza kupata nyumba. Mmoja alikumbuka kwamba alikuwa ameelekea Juba.

"Basi ana mtu Juba," Mama akasema.

"Ana mtu gani? Mwandike au tumrudishe. Gari inangoja."

Mama akafungua kitabu. Mstari wa jina aliandika Mirembe. Mstari wa ndugu aliandika jina lake mwenyewe, Annet Kyomugisha, na mbele yake: dada.

Muuguzi alimtazama mwanamke yule, mrefu hata miguu ilipita mwisho wa kitanda, kisha akamtazama Mama, ambaye ananifikia mimi begani. "Sista Annet, huyu dada yako walimpa maziwa yako yote akayanywa peke yake?" Wakacheka wote, hata polisi, kisha gari likaondoka bila yule mwanamke.

Nilimuuliza kwa nini Mirembe. Mirembe lilikuwa jina la mdogo wake aliyekufa kabla sijazaliwa. Sijui alikufaje. Mama alivua kiatu kimoja. "Nilihitaji jina," akasema, "likaja hilo."

Alhamisi, 15 Mei

Sasa nimeelewa. Mama akijiandika dada, lazima awe dada. Amechukua mkeka na sufuria ndogo. Analala wodini.

Ijumaa, 16 Mei

Peke yangu. Anti Saado, Msomali wa Garissa mwenye duka mkabala na lango letu, alipiga kelele kutoka kaunta: "Wee Shallon! Umekula ama unakula vitabu?" Nikasema nimekula. "Walahi unadanganya, shingo imekuwa kama ya kuku." Akanipa mkate na maziwa. Nilikula nikiwa nimesimama, ili nyumba isionekane kubwa.

Jumanne, 20 Mei

Shule imetoa barua: wazazi waje Jumamosi tarehe 24. Mzazi aweke alama palipoandikwa "nitahudhuria", atie sahihi, irudishwe kesho. Mama hajalala nyumbani tangu Jumapili.

Nimeandika: A. Kyomugisha. Ule mkia wa herufi ya mwisho unapanda kisha unarudi chini ya jina lote. Nilifanya mazoezi nyuma ya daftari la Jiografia.

Jumatano, 21 Mei

"Mama yako ana mwandiko mzuri," alisema Mwalimu Jonah.

Alhamisi, 22 Mei

Kuanzia leo mimi ndiye ninayepeleka chakula baada ya shule. Napika asida, ugali wa huku, na bamia, nafunga sufuria kwa kitambaa, napanda boda. Siruhusiwi kuingia. Namkabidhi Mama langoni.

Karani wa lango anaitwa Gaetano. Alikulia kambi ya wakimbizi Uganda, kwa hiyo anasema Kiswahili, lakini haonyeshi uso wake. Anaangalia kitabu tu. "Sufuria ya nani? Mgonjwa nani? Mtu wake nani?" Kila siku anauliza, ingawa ananijua. Simpendi.

Nje ya lango kuna mwanamke ameweka jiko na birika, anauza chai. Alikuwa amesimama mbele ya Gaetano akiongea kwa sauti ya chini. Nadhani anaomba nafasi ya kuuzia ndani.

Jumamosi, 24 Mei

Wazazi walikuja. Mimi nilifagia darasa.

Jumatatu, 26 Mei

Mvua toka alfajiri. Yule mama wa birika yuko tena.

Alhamisi, 29 Mei

Mvua. Mama wa birika yuko tena. Jiko lake lilizimika, akaliwasha. Likazimika, akaliwasha.

Jumatatu, 2 Juni

Yuko tena. Gaetano alimwonyesha ukurasa kwa kidole, kama mtu anayechoka kumfundisha mtoto.

Jumamosi, 7 Juni

Nimemwona Mirembe.

Wodi ilikuwa imejaa, Mama hakuweza kutoka, akamwambia Gaetano aniruhusu. Nilitarajia kelele. Palikuwa na utulivu tu, na harufu ya dawa ya sakafu, na kila kitanda kilikuwa na mtu wake chini: mama mzee anachambua mboga, mume anamkata mkewe kucha. Mama alikuwa kwenye mkeka kando ya kitanda cha mwisho. Niliona alivyokunja kanga yake kuwa mto. Nyumbani mto wake upo, mimi ndiye nimekuwa nikiulalia.

Mirembe alikuwa ameutazama ukuta. Ana kovu refu, laini, kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Mama alimlisha kwa vidole akimsimulia habari za soko, bei ya nyanya, nani kagombana na nani, kama watu wanaoishi pamoja.

Mimi hajanisimulia habari za soko tangu mwezi wa tatu. Nimeliandika hili kwa sababu Mwalimu alisema tusidanganye.

Jumatatu, 9 Juni

Suzan hakuja shule. Dawati lilikuwa langu lote.

Alhamisi, 12 Juni

Mama wa birika aliniita. "Binti! Wewe ya sufuria. Kuja hapa, unatetemeka kama kuku ya mvua." Kiswahili chake alikipata kwa madereva wa malori, nikakijua mara moja. Alimimina chai ya tangawizi, akakoroga, akagonga kijiko mara mbili ukingoni mwa glasi, tik tik, ndipo akanipa. Nilipotaka kulipa alikataa. "Lete chupa yako. Hii ingine peleka kwa mgonjwa yako. Mgonjwa wa hapa hakuna anapewa chai ya maana."

Nikaipeleka. Nikangoja langoni mpaka Mama akarudi kuniambia kwamba Mirembe aliinywa yote. Ndiyo mara ya kwanza kumaliza kitu chochote. Kisha alikishika kikombe kifuani akakataa kukirudisha.

"Anapenda tangawizi," Mama akasema, akaandika kwenye faili, uso wake umeng'aa.

Jumatatu, 16 Juni

Chai tena. Mwanamke huyu ana meno mazuri. Anaitwa Abul.

Alhamisi, 19 Juni

Chai. Mvua ya mawe. Tulijikinga mimi na yeye chini ya karatasi ya nailoni, tukishika ncha mbili kila mmoja. Hatukusema lolote. Ilikuwa dakika kumi nzuri kuliko zote za wiki hii.

Ijumaa, 20 Juni

Mama alikuja nyumbani kuoga. Wodi ina mkuu mpya. Leo amewakusanya wote akasema vitabu vitakaguliwa mwezi wa saba, jina moja moja, kwa vitambulisho. Aliyeandika ndugu wa uongo ataondolewa dawatini. Na mgonjwa atakayebainika hana mtu atahamishwa.

"Kwenda wapi?" nikauliza.

Mama alijimwagia maji kichwani. "Unajua wapi."

Amewahi kujiandika mara mbili kabla ya hii. Mzee mmoja bado huja kila Krismasi na kuku, humwita Mama "binti yangu". Nilikuwa nadhani ni mzaha.

Jumapili, 22 Juni

Nilikwenda kanisani peke yangu. Nikamwombea Mirembe apate watu wake. Halafu nikaombea asipate haraka sana, kwa sababu anakunywa chai ninayopeleka mimi. Sijui maombi ya namna hiyo yanahesabiwaje.

Alhamisi, 26 Juni

Nitaandika kwa mpangilio.

Mvua ilikuwa kubwa hata Gaetano akatuita ndani ya kibanda chake, mimi na Mama Abul. Ndipo nikamsikia kwa mara ya kwanza akiuliza.

"Gaetano, ndugu yangu, fungua kitabu."

"Nimefungua Jumatatu."

"Fungua ya leo."

Akafungua. Gaetano ana karatasi anayoinakili kila asubuhi kutoka kitabu kikubwa: wagonjwa walioletwa ambao bado hawajapatiwa mtu. "Hakuna," akasema. "Wagonjwa ishirini na wawili, wote wako na watu wao. Ajok hayuko. Mimi siwezi kumwandika mtu hayuko. Malesh, Mama."

Malesh ni pole. Alisema kwa upole. Kumbe siku zote alisema kwa upole, mimi nilikuwa mbali.

Nikauliza, "Ajok ni nani?"

"Dada yangu. Yeye mgonjwa tangu mtoto yake alikufa, lakini mimi nilikuwa naye, tunauza chai pamoja Nesitu. Siku moja mimi kwenda Juba kununua sukari. Nikamwambia, ngoja hapa, nakuja na sukari. Kurudi, hayuko. Nimemtafuta polisi, nimemtafuta rumande, nimemtafuta kwa nyumba ya maiti. Watu wanasema, mgonjwa kama hiyo iko hapa. Hapa wanasema, hapana."

Nikauliza kwa sauti ambayo haikuwa yangu, "Ana alama?"

Akanishika mkono wa kulia, akapitisha kidole kwenye kifundo. "Hapa. Birika ilimwagika, yeye mdogo kama wewe."

Ningeweza kusema. Kibanda kilikuwa kidogo hivi kwamba ningeweza kunong'ona. Lakini nilimwona Gaetano na karatasi yake, na kalamu yake sikioni, nikamwona mkuu mpya ambaye sijawahi kumwona, na Mama akiondolewa kwenye dawati lake la miaka minane. Nikasema, "Pole, Mama." Nikachukua sufuria, na kwa sababu ya mvua Gaetano akaniruhusu niingie.

Mirembe alikuwa ameketi. Mama alimpa chai ya Abul. Mirembe akakoroga mwenyewe, akagonga kijiko ukingoni. Tik tik.

"Siku hizi anafanya hivyo," Mama akasema. "Sijui kaitoa wapi."

Ijumaa, 27 Juni

Sikusema.

Jumamosi, 28 Juni

Nilipita sokoni nikawatazama wauza chai watatu. Hakuna anayegonga kijiko. Nilitaka mmoja agonge.

Jumatatu, 30 Juni

Abul alikuwepo. Nilizunguka kwa lango la nyuma nikamtuma msafishaji apeleke sufuria ndani. Aliniona. Alinyanyua birika juu kuniita, na mimi nikafanya kama sikumwona.

Jumanne, 1 Julai

Anti Saado alisema, "Wewe na mama yako mnafanana sasa. Mnabeba kitu na hamtaki kushikwa mkono." Akanipa biskuti bila kunitania, na hilo likanitisha zaidi.

Jumatano, 2 Julai

Mama alikuja nyumbani saa kumi, mara ya kwanza mchana tangu Mei. Mwalimu Jonah alikuwa ametuma ripoti ya nusu muhula, na kwa pini ameambatanisha ile barua, na juu yake kalamu nyekundu: Mzazi aliahidi kuja, hakuja. Ninaomba kumwona.

Mama aliiweka mezani. Aliilainisha kwa kiganja. Alifuata ule mkia wa herufi kwa ukucha, unavyopanda na kurudi.

"Hii ni sahihi yangu," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi sikuiandika."

"Hukuwepo, Mama."

Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi apaze sauti, na labda ndiyo sababu ilisikika kama ugomvi. "Umejifunza wapi kuandika jina la mtu pasipo mtu huyo?"

Nikasema, "Kwako."

Sikukusudia kuwa mkaidi. Ulikuwa ukweli, nami nilikuwa nimeubeba siku sita. Mama hakunipiga. Aliketi kitandani, mikono magotini.

"Lile nililiandika ili apate kitanda," akasema.

"Najua. Na mimi niliandika ili usionekane mzazi mbaya. Lakini Mama, dada yake yuko langoni."

"Dada ya nani?"

Nikamweleza yote. Abul, Nesitu, sukari, kovu, kijiko. Kwamba Gaetano husoma karatasi ya wasio na mtu, na Mirembe hayumo kwa sababu ana mtu, na mtu huyo ni yeye. Kwamba polisi walimkuta ameelekea Juba kwa sababu dada yake alikuwa Juba, kama Mama mwenyewe alivyosema. Kwamba aliyefichwa hakufichwa na mtu mbaya yeyote.

Mama alifunika mdomo. Nilimwona akihesabu, midomo ikienda: Mei, Juni.

"Siku zote hizo," akasema. "Nimemlisha chai ya dada yake."

"Ningesema mapema kama si ukaguzi. Naogopa watakuondoa."

"Wataniondoa," Mama akasema, akiwa tayari anatafuta viatu. "Vaa koti. Ile chai anaiuza mpaka saa ngapi?"

Alhamisi, 3 Julai

Jana Abul alikuwa ameshaondoka. Mama hakulala. Leo sikwenda shule.

Alikuja saa tatu na birika kichwani. Mama alikuwa anamngoja nje ya lango, na kabla ya kumsalimu alipiga magoti pale pale kwenye maji, kama wanavyopiga magoti wanawake wa kwetu, mbele ya Gaetano na watu wa boda wote. "Dada yako yuko ndani," akasema kwa Kiswahili chake kibovu. "Mimi ndiye mtu yake. Mimi iliandika jina ingine, ndugu ingine. Ni mimi nilimficha."

Abul alisimama na birika kichwani. Alichukua muda kuelewa. Kisha alilishusha taratibu, kama mtu asiyetaka kumwaga, akasema kwa sauti ambayo sitaisahau:

"Wewe mama ya huyu binti?"

"Ndiyo."

"Siku hamsini. Mimi nimefungua shuka ya maiti kumi na moja. Kumi na moja, nikitafuta uso. Na wewe ulikuwa hapo nyuma ya ukuta na dada yangu, unakula naye."

Mama alibaki magotini, kichwa kimeinama, mvua inamwingia shingoni. Gaetano alikuwa ameshika karatasi yake kwa mikono miwili, ikilowa.

"Simama," Abul akasema. "Maji ni chafu." Lakini hakumpa mkono.

Tuliingia. Ajok alikuwa ameutazama ukuta. Abul hakumkimbilia wala hakulia. Aliketi kwenye mkeka wa Mama, akamimina chai, akakoroga, akagonga kijiko ukingoni mara mbili.

Ajok aligeuka. Alimtazama Abul muda mrefu, kisha akasema maneno machache, ya kwanza kuyasema tangu aletwe. Wodi nzima ilisikia, watu wote walioketi sakafuni kando ya vitanda.

Abul alianza kucheka, na kicheko kikaharibika katikati.

"Anasema nini?" Mama akauliza.

"Anauliza sukari iko wapi."

Ijumaa, 4 Julai

Mama alipeleka kitabu kwa mkuu mwenyewe, kabla ya ukaguzi. Alipiga mstari mmoja juu ya Mirembe na mmoja juu ya jina lake, jina lisomeke chini yake, akaandika juu: Ajok, na dada: Abul. Mkuu hakugomba. Alisema, "Nilikuwa nakusifu kwa watu, Annet." Ameondolewa dawatini. Atapanga mafaili mpaka uamuzi utoke.

Jumatatu, 7 Julai

Mama yupo nyumbani saa kumi kila siku. Nilikuwa nimelitamani hili. Tunakula, tunaosha vyombo. Simu ikilia ananyanyuka kabla haijamaliza mlio wa kwanza, na si wodi.

Jumatano, 9 Julai

Sikukuu ya uhuru. Fataki upande wa mjini. Tulitazama kutoka kibarazani. Mama alisema, "Wagonjwa watashtuka," na baada ya hapo hakutazama tena.

Alhamisi, 17 Julai

Napeleka sufuria bado, kwa sababu Abul lazima auze chai na hawezi kupika. Hanisemeshi sana. Siku ya kwanza alinipa chai bila kugonga kijiko. Leo aligonga.

Jumatatu, 21 Julai

Nilimuuliza Gaetano kama amekasirika na Mama. Aliniangalia, kwa mara ya kwanza. "Mimi nilimwambia huyo mama hapana, mara kumi na tatu. Nilikuwa nasoma tu. Sasa nikisoma, nanyanyuka, naenda ndani kutazama kwa macho." Alirekebisha kalamu sikioni. "Mguu inauma. Lakini khalas, basi."

Alhamisi, 24 Julai

Mwalimu Jonah alimpokea Mama. Nilikiri mbele yao wote wawili. Adhabu yangu ni kufuta ubao wiki mbili. Suzan alinikuta nikifuta, akachukua kitambaa cha pili. "Upande wa juu hufiki," akasema. Hakusema zaidi, wala mimi.

Jumatano, 30 Julai

Ajok ameruhusiwa. Atarudi kila mwezi kwa dawa. Mama alikuja kutoka chumba cha mafaili ana vumbi kwenye nyusi, akasimama mbali, karibu na mlango, kama mgeni.

Kijana aliyewekwa dawatini mahali pake alimsomea Abul fomu. Jina la ndugu. Abul akaweka kidole gumba. Kisha mstari wa pili: mtu mwingine wa kuitwa, endapo ndugu wa kwanza hayupo.

"Hakuna," Abul akasema. "Tuko wawili tu."

"Basi naandika hakuna."

"Ngoja." Abul aligeuka akatafuta kwa macho mpaka akamwona Mama mlangoni. Alimtazama bila kutabasamu. "Mimi mwezi wa kumi naenda kijijini kuvuna. Ajok hawezi safari. Wewe. Kuja hapa."

Mama alisogea.

"Andika jina yako."

"Mimi sina ruhusa. Mimi si ndugu yake."

"Najua wewe si ndugu. Nani anasema ndugu?" Abul akabonyeza karatasi kwa kidole chake chenye wino. "Andika. Lakini hapa. Chini yangu."

Mama alimtazama yule kijana wa dawati. Kijana akatazama mstari, akautafutia kosa, hakuliona. Mama akaandika Annet Kyomugisha, polepole, ule mkia ukapanda na kurudi. Penye uhusiano alisita, kisha akaandika neno la kawaida la wodi: mtu wake.

Ajok alikuwa ameshakwenda langoni, amebeba birika. Alikuwa ameelekea Nesitu.

Ijumaa, 1 Agosti

Muhula umekwisha. Mvua bado. Nimemwonyesha Mama daftari hili na nimempa kalamu, kwa sababu Mwalimu anataka sahihi ya mzazi ukurasa wa mwisho. Amesema atalisoma kwanza, lote, na niketi hapa karibu naye wakati anasoma.